Somo la Kompyuta: Mashine Inapokataa Kusoma Daftari Letu



Mkutano mkuu wa tawi letu la Logiri ulipokaribia, programu inayotunza hesabu ya ada iligoma. Katibu alipoifungua, badala ya orodha ya waliolipa na wenye madeni, kioo kilitoa mistari minne ya Kiingereza, na wa mwisho ulianza na neno SyntaxError. Kijana aliyetuandikia programu ile alikuwa amekwisha kwenda Kampala kutafuta maisha. Tukaipeleka kompyuta kwa bodaboda hadi kwa fundi mmoja mjini Arua. Akakaa nayo siku mbili, akatudai shilingi 60,000, tukalipa. Baadaye tulilinganisha nakala ya zamani na ile aliyoturudishia, mstari kwa mstari, ili tujue tumenunua nini. Tulikuta ameongeza nukta mbili. Alama moja tu, ile yenye nukta ya juu na nukta ya chini, mwisho wa mstari wa 31.

Shilingi 60,000 ni ada ya mwanachama mmoja kwa miezi 20, kwa kiwango chetu cha 3,000. Hatusemi kwamba fundi yule ni mwizi. Aliuza alichokuwa nacho, nasi tulinunua kwa sababu sisi hatukuwa nacho. Lakini chama kilianzishwa ili mfanyakazi asipunjwe kwa kutojua kusoma mkataba wake. Hakiwezi sasa chenyewe kikawa kinapunjwa kwa kutojua kusoma ujumbe wa mashine. Ndiyo sababu ya somo hili. Tumelijaribu jioni kadhaa, watu sita kwa kompyuta moja na taa ya sola, na wengi wetu tuliishia darasa la saba. Anayeweza kusoma kadi yake ya chama ataliweza.

SARUFI YETU NA SARUFI YA MASHINE

Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Aliyeiunda ni Mholanzi, Guido van Rossum, aliyeanza kazi hiyo mjini Amsterdam Desemba 1989 na kuitoa hadharani Februari 1991. Jina lake halikutokana na chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza waliojiita Monty Python. Haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila kulipa, na hiyo ndiyo iliyofanya tawi maskini kama letu liweze kuwa nayo.

Sasa tuelewane juu ya neno sarufi. Sisi wa West Nile tunajulikana kwa Kiswahili chetu. Tunasema "kitabu yangu", tunasema "mtoto yangu", na mwenzetu wa Mombasa akitusikia atacheka kidogo, lakini kitabu atatupa. Ameelewa. Binadamu husahihisha maneno ya mwenzake ndani ya kichwa chake bila hata kujijua. Mashine haina kichwa cha namna hiyo. Ukiiandikia "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", inasimama na kukataa kazi yote. Hilo ndilo kosa la sarufi, ambalo mashine inaliita SyntaxError. Maana yake si kwamba kompyuta imeharibika. Haina virusi, na wala haijapoteza fedha za chama. Imeshindwa tu kusoma sentensi.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mweka hazina alijue kabla ya mengine yote. Python husoma faili nzima kwanza, kuanzia juu hadi chini, kabla ya kutenda hata neno moja la faili hiyo. Ikikuta kosa la sarufi katika mstari wa 31, basi hata mstari wa 1 haujatendwa. Hakuna deni lililoandikwa nusu. Hakuna ujumbe uliotumwa kwa wanachama kumi na kuwaacha wengine. Kwa hiyo usiogope. Kaa, kunywa maji, soma.

Yako makosa ya aina nyingine, yale yanayotokea programu ikiwa njiani tayari: imetajiwa jina isilolijua, au imeambiwa igawanye kwa sifuri. Hayo ni ya kuogopa zaidi, kwa maana kazi inaweza kuwa imefanyika nusu. Mara nyingi utayatambua kwa neno Traceback juu ya ujumbe. Ukiendesha faili na ujumbe ukaanza moja kwa moja na neno File, kisha ukaishia na SyntaxError au IndentationError, ujue mashine bado iko mlangoni.

KUSOMA UJUMBE

Huu ndio ujumbe uliotugharimu 60,000:

  File "ada.py", line 31
    for kadi in ada
                   ^
SyntaxError: expected ':'

Anza kusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho unataja kosa: ilitegemewa nukta mbili. Mstari wa kwanza unataja jina la faili na namba ya mstari. Kati yao mashine imenakili mstari wenyewe, na chini yake imeweka kijimshale kinachoelekeza juu. Mtu anayejua kwamba neno expected ni "ilitegemewa" na line ni "mstari" angeweza kutengeneza kosa hili kwa nusu dakika. Tuliufikiria sana ujumbe huo, tukaona aibu kidogo, tukasonga mbele.

Lakini kijimshale kisichukuliwe kama neno la hakimu. Kinaonyesha mahali mashine iliposhangaa, na mara nyingine hapo si mahali ulipokosea. Basi linatoka Arua kwenda Kampala. Kondakta anahesabu abiria kwenye daraja la Pakwach, anakuta mmoja hayupo. Je, abiria yule amepotelea Pakwach? Aliachwa Nebbi akinunua chai. Pakwach ndipo hesabu ilipofanyika. Tazama mfano huu:

ada = {"LG-014": 3000,
       "LG-015": 3000,
       "LG-016": 3000,
lengo = 9000

Aliyeandika alifungua bano la mawimbi katika mstari wa 1 na kusahau kulifunga baada ya kadi ya tatu. Matoleo ya zamani ya Python yalikuwa yakilalamikia mstari wa 4, ambao hauna hatia yoyote, na mtu angeutazama mstari ule usiku kucha. Kuanzia toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, mashine inasema bano lililofunguliwa mstari wa 1 halikufungwa: was never closed. Matoleo hayo mapya yanajitahidi pia kukisia ulichotaka kusema, na ujumbe wake ni wa msaada zaidi kwa mwanafunzi. Kwa hiyo tawi lenye Python ya zamani libadilishe. Kwa vyovyote, ukiona mstari ulioonyeshwa hauna kosa, panda mstari mmoja juu, kisha mwingine, ukihesabu mabano.

MAKOSA YANAYOTUPATA SISI HASA

Vitabu vya Python vimeandikwa na watu wa nchi nyingine, na mifano yao si mifano yetu. Tumeyaweka hapa yale yaliyotokea mezani kwetu.

La kwanza ni sifuri ya mbele. Kadi zetu zina namba kama 014, na namba za simu zote za Uganda zinaanza na sifuri zikiandikwa kwa njia ya kawaida. Ukiandika

kadi = 014

mashine itakataa na kusema leading zeros haziruhusiwi, yaani sifuri za mbele. Sababu ni ya kizamani: zamani sifuri ya mbele ilikuwa alama ya namna nyingine ya kuhesabu, inayokwenda kwa nane badala ya kumi, na waundaji wakaona heri waipige marufuku kuliko watu wachanganyikiwe. Ukiiondoa sifuri ili mashine inyamaze, umeharibu namba ya simu ya mwanachama. Dawa ni kukumbuka kwamba namba ya kadi na namba ya simu si hesabu. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na majina yanafungwa ndani ya alama za kunukuu:

kadi = "014"

La pili ni alama hizo hizo za kunukuu. Tulizoea kutumiana vipande vya programu kwa WhatsApp, au kuviandika kwanza katika programu ya barua. Njiani alama zilizonyooka hugeuzwa kuwa zile zilizopinda, nzuri kwa macho kama za magazetini. Mashine haizijui. Itasema invalid character, yaani herufi isiyokubalika, na kuitaja herufi yenyewe. Jicho la binadamu halioni tofauti kwa urahisi, hasa kwenye kioo kidogo. Zifute zote mbili, ya kufungua na ya kufunga, uziandike upya kwa kibodi ndani ya faili ya Python yenyewe.

La tatu litawachekesha. Tulitaka kuandika kundi la wanachama wanaochunga:

kundi = 'Wachunga ng'ombe'

Mashine ilisoma hadi ng, ikaona alama, ikadhani maneno yamekwisha. Ombe ikabaki nje kama yatima, na ile alama ya mwisho ikafungua maneno mapya ambayo hayakufungwa popote. Ujumbe ulisema unterminated string literal, yaani maneno yaliyofunguliwa bila kufungwa. Ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, yote yatakuletea shida hiyo. Kilugbara nacho kina alama hiyo hiyo, kama katika neno 'ba, yaani watu. Kwa hiyo sisi tumeamua katika tawi letu kwamba maneno yote yafungwe kwa alama mbilimbili, kamwe si moja moja:

kundi = "Wachunga ng'ombe"

Wanaoandikia kwenye simu wana adui mwingine: simu hupenda kuanza mstari kwa herufi kubwa. Python inatofautisha kubwa na ndogo. Neno if ni lake, lakini If halijui, na litaleta invalid syntax. Maneno ambayo lugha hii imejiwekea yenyewe ni 35 tu, na karibu yote ni herufi ndogo tupu. True, False na None ndiyo pekee yanayoanza na kubwa. Maneno 35, ndugu. Katiba ya chama ina mengi kuliko hayo katika ukurasa mmoja. Na habari njema ni kwamba Kiswahili hakigongani nayo, kwa hiyo unaweza kuita vitu ada, deni, jumla, baki, bila woga. Ila jina lisiwe na nafasi katikati. Ukiandika ada ya mwezi kama maneno matatu, mashine inaona watu watatu mlangoni na haijui nani amealikwa. Unganisha kwa kistari cha chini: ada_ya_mwezi. Usitumie kistari cha kati, kwa maana hicho ni alama ya kutoa.

Alama ya sawasawa nayo ina kazi mbili. Moja, kama katika deni = 0, ni amri: deni liwe sifuri. Mbili pamoja, deni == 0, ni swali: je, deni ni sifuri? Ukiuliza swali kwa kutumia amri, kama

if deni = 0:

mashine itakataa, na Python mpya itakuuliza kama ulitaka kuweka mbili. Tufurahi kwamba inakataa. Hebu fikirini mweka hazina anayeuliza "je, ana deni?" na kwa kuuliza tu deni likafutika.

Mwenye kujifunza kwa kitabu cha zamani atakuta neno print likiandikwa bila mabano. Hiyo ni Python ya pili, ambayo waundaji waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Katika ya sasa mabano ni lazima. Kitabu si kibaya chote, lakini mtazame tarehe yake kabla hamjalaumu vidole vyenu.

NAFASI ZA MWANZO WA MSTARI

Hili tumelipa sehemu yake, kwa sababu ndilo lililotusumbua kuliko yote. Katika kuandika muhtasari wa mkutano, katibu huanza na ajenda, kisha yaliyojadiliwa chini ya ajenda hiyo huyaandika yakiwa yameingia ndani kidogo. Msomaji anatazama ukingo wa karatasi na kujua jambo hili ni la ajenda ya 3, hili ni la ajenda ya 4. Katika lugha nyingi za kompyuta kuingiza mstari ndani ni adabu tu. Katika Python ni sheria. Mstari unaoishia na nukta mbili ni ajenda, na mambo yake lazima yaingie ndani, kwa kawaida nafasi nne. Ukiandika

for kadi in ada:
print(kadi)

utaambiwa IndentationError: expected an indented block, yaani ilitegemewa sehemu iliyoingia ndani. Ukichanganya nafasi za kawaida na kile kitufe cha Tab, utapata kosa liitwalo TabError, na macho hayatakusaidia kwa kuwa vyote viwili ni weupe mtupu. Amueni nafasi nne, wote, basi.

Hata hivyo mashine haikamati kila mstari uliokaa vibaya. Angalia hizi:

for kadi in deni:
    if deni[kadi] > 0:
        idadi = idadi + 1
        print(kadi, "anadaiwa")

Sogeza mstari wa mwisho nyuma kwa nafasi nne, uwe sawa na if. Sarufi haina kosa. Mashine inaendelea na kazi. Lakini sasa print haiko tena chini ya swali la deni, kwa hiyo kila mwanachama, aliyelipa na asiyelipa, anatajwa kuwa anadaiwa. Mchukuzi aliyebeba magunia siku nzima akatoa 3,000 yake, anaitwa mdaiwa mbele ya wenzake, kwa sababu ya nafasi nne.

KOSA LISILOPIGA KELELE

Tunarudi kwenye mkutano mkuu. Programu ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa inakwenda vizuri, nasi tulichapisha orodha ya wapiga kura tukiwa na furaha. Asubuhi ya mkutano, wanachama wawili, akina mama wachukuzi wa sokoni, walifika mlangoni na kadi zao na stakabadhi zao za ada, wakaambiwa hawamo. Mmoja wao alisema kwa sauti kwamba chama kimeanza kufanya kama matajiri. Katibu akahesabu orodha: majina 61. Daftari la karatasi lilisema 62. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa: amepungua mmoja, wanaolalamika wawili.

Tuliwasimamisha wapiga kura nusu saa, tukafungua faili. Tulikuta hivi:

    "LG-036",
    "LG-037"
    "LG-038",

Baada ya LG-037 hakuna mkato. Kama zingekuwa hesabu tupu, Python ingekataa na kukuuliza kama umesahau mkato. Lakini maneno mawili yaliyofungwa na kuwekwa jirani bila kitu kati yao, lugha hii huyaunganisha kuwa neno moja, na inahesabu hilo kuwa sarufi sahihi. Kadi mbili zilikuwa zimegeuka kadi moja, LG-037LG-038, ambayo haina mwenyewe duniani. Ndiyo maana mmoja alipungua na wawili wakakosekana. Fundi hakuligusa kwa sababu mashine haikumwambia kitu, nasi hatukukagua kwa sababu mashine ilikuwa imenyamaza. Akina mama wale walipiga kura kwa daftari la karatasi. Tangu siku ile kamati imekata shauri kwamba daftari la karatasi halitaachwa, na kila orodha inayotoka kwenye kompyuta itahesabiwa na kulinganishwa nalo kabla ya kubandikwa ukutani.

Mkato huo huo una ujanja mwingine. Sisi huandika elfu tatu kuwa 3,000. Ukiandika katika Python

ada_ya_mwezi = 3,000

haitakataa. Itaona vitu viwili, 3 na sifuri, vimewekwa pamoja kama jozi. Tulipoiambia izidishe kwa miezi 12, ilituandikia 3 na 0 mara kumi na mbili mfululizo. Na ajabu ni kwamba ukiandika deni = 15,050 inakataa, kwa ajili ya ile sifuri ya mbele katika 050, lakini 12,500 inapita kimya. Andika 3000 bila alama, au ukitaka kusaidia macho weka kistari cha chini, 3_000, ambacho kimeruhusiwa tangu toleo la 3.6 la Desemba 2016.

NAMNA YA KUKAA NA FAILI ILIYOKATAA

Kabla ya kugusa chochote, nakili faili na uipe jina lingine lenye tarehe. Tumeona watu wakitengeneza kosa moja na kuzaa matano, kisha hawana pa kurudi. Ukiwa na nakala, huna la kuogopa.

Kaeni wawili. Mmoja asome mstari kwa sauti, alama kwa alama, "fungua bano, fungua nukuu, funga nukuu, mkato", mwingine afuate kwa kidole. Tunafanya hivyo hivyo tunapokagua hesabu za tawi, na hakuna njia iliyotukamatia makosa mengi kuliko hiyo. Anayesoma peke yake husoma alichokusudia kuandika, si alichoandika.

Badilisha jambo moja, kisha jaribu. Python hutaja kosa moja la sarufi kwa safari moja. Ukilitengeneza na likatokea jingine, usidhani umeharibu. Huenda lilikuwepo tangu mwanzo likisubiri zamu yake. Tazama namba ya mstari: ikibadilika, mara nyingi umesogea.

Ukishindwa kabisa kuona kosa liko wapi, weka alama ya # mwanzo wa mistari unayoishuku. Mashine huruka mstari unaoanza na alama hiyo. Ukifunga sehemu nzima hivyo na kosa likatoweka, liko humo ndani; fungua nusu yake, jaribu tena. Faili ya mistari 60 unaimaliza kwa majaribio machache.

Na kwa programu inayotuma ujumbe au kuandika katika daftari la fedha, msijaribu sarufi kwa kuiendesha. Iko amri inayosoma tu bila kutenda:

python -m py_compile ada.py

Isipotoa neno lolote, sarufi ni sawa. Sarufi tu. Juu ya ukweli wa hesabu haijasema kitu, kama tulivyoona kwa zile kadi mbili.

ZOEZI KWA VIKUNDI VYA TAWI

Programu hii ilitakiwa iseme kama wanachama watatu wamelipa wote. Ina makosa sita. Matano mashine itayapigia kelele, na moja itanyamaza nalo.

Ada_ya_mwezi = 3_000
waliolipa = ["LG-014", "LG-015" "LG-016"]
If len(waliolipa) = 3:
    print('Wote wamelipa')
else
print("Bado)

Yatafuteni kwanza kwa karatasi na kalamu, bila kompyuta. Kisha jibuni haya: herufi kubwa katika neno la kwanza la mstari wa 1, je, ni kosa au si kosa? Na mkiisha kutengeneza yale matano tu, programu itasema "Wote wamelipa" au "Bado", na kwa nini? Kila kikundi kilete jibu lake tawini likiwa limeandikwa kwa mkono, likiwa na namba ya kila mstari na sababu yake. Kikundi kisicho na kompyuta kitatumia ile ya tawi Jumamosi mchana, baada ya kupokea ada.